Besi Anapiga Nani?

Katika muziki wa dansi tuliokulia nao, mpiga solo hakuwa mtu aliye peke yake. Jina hilo lilitaja kazi yake tu: yeye ndiye aliyeshika gitaa linalopanda juu na kuzungumza pale waimbaji wanaponyamaza, huku nyuma yake likiwepo gitaa la rizimu linalokatakata mapigo, besi, tumba, ngoma, na mara nyingi safu nzima ya saksofoni na tarumbeta. Mbaraka Mwinshehe, ambaye watu wa umri wa baba yangu humtaja hadi leo kwa sauti ya chini kidogo kana kwamba yumo chumba cha pili, alikuwa mpiga solo wa namna hiyo, yaani fundi mkubwa aliyebebwa na mafundi wengine. Jazi nayo ilikuwa na maana yake hapa kwetu. Morogoro Jazz, Western Jazz na Dar es Salaam Jazz zote zilijiita jazi, na zote zilipiga muziki wa kucheza ukumbini, wenye damu ya rumba, ambao mzee wa New Orleans, mji wa Marekani ilikozaliwa jazi, angeusikia kama lugha ya ugenini. Mimi niliyezaliwa na kukulia Dodoma nilivuka miaka thelathini nikiamini kwamba najua jazi ni nini na solo ni nini.

Imani hizo mbili ziliniponyoka katika usiku mmoja wa Novemba, wakati ule ambapo mji mzima unanusa upepo ukitafuta dalili ya mvua. Rafiki yangu wa kazini alikuwa amenipa flashi iliyojaa muziki usio na mpangilio wowote, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu Chang'ombe, nilikuwa naisikiliza kwa spika ndogo ya kuchaji iliyowekwa dirishani. Likaja gitaa. Mwanzoni nilidhani ni magitaa mawili. Baadaye nikajisahihisha: ni gitaa moja na mpiga besi aliyeketi karibu sana na mwenzake, watu wawili waliozoeana kiasi kwamba mmoja anajua mwenzake atavuta pumzi lini. Niliurudia wimbo ule mara tatu gizani kabla sijashika simu na kusoma kilichoandikwa kwenye faili. Alikuwa Joe Pass, mpiga gitaa la jazi wa Marekani, katika albamu ya mwaka 1973 iitwayo Virtuoso, na hakuwa na mtu mwingine chumbani.

Mwaka ule una maana nyingine kwetu sisi wa hapa, kwa sababu ndio mwaka ambao TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi ule ulingoja mpaka mwaka 2016 ndipo serikali ianze kuhamia kwa kishindo, kwa hiyo sioni aibu kusema kwamba Joe Pass naye alichelewa kunifikia.

Ili mshangao wangu ueleweke, lazima nieleze kidogo gitaa linavyofanya kazi, na anayelipiga anisamehe kwa kumweleza anachokijua. Mpiga piano ana mikono miwili inayojitegemea: wa kushoto unaweza kushughulika na besi wakati wa kulia unaimba, na kila kidole kinachogusa kinanda kinatoa sauti kamili. Gitaa halitoi ruhusa hiyo. Ili noti moja isikike vizuri, kwa kawaida mkono wa kushoto lazima ubonyeze uzi mahali fulani kwenye shingo ya gitaa, na mkono wa kulia uuchomoe uzi huohuo kwa wakati uleule. Mikono miwili kwa noti moja! Nyuzi ziko sita, vidole vya kushoto vinavyobonyeza ni vinne, na vidole hivyo haviwezi kutanuka kuliko Mungu alivyovipa urefu. Ukitaka noti ya besi ibaki ikilia chini, kidole kilichoibonyeza hakiruhusiwi kuondoka. Lakini wimbo unapanda juu, na juu kunahitaji kidole hichohicho. Ndiyo maana wapigaji wengi wa gitaa, hata hodari, hupenda kuwa na mtu wa besi.

Mimi niliimba besi kwenye kwaya kwa miaka mingi, na kila nilipojaribu kumwelewa Joe Pass niliirudia kwaya. Sauti ya kwanza inabeba wimbo, ya pili na ya tatu zinajaza katikati, na ya nne, sisi wazee wa nyuma, tunatembea chini tukiwaonyesha wengine njia. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba besi ikipotea, kwaya nzima inaelea kama kanga lililokatika kambani. Joe Pass anafanya kazi ya safu zote nne. Dole gumba linatembeza besi, noti moja kwa kila pigo, kama mtu anayekwenda zake sokoni bila haraka. Vidole vingine vinadonoa kodi, na hapa sisemi ile inayolipwa serikalini bali noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Na juu ya hayo yote wimbo unaendelea kuimbwa. Hayo ndiyo niliyoamini kwamba nayasikia. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba sikuwa nayasikia, na aliyenigundulia ni mzee mmoja ambaye alikuwa hajawahi kulisikia jina la Joe Pass.

Mzee huyu ana shamba la zabibu huko Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa. Katika ujana wake alipiga besi katika bendi zilizokuwa zikisafiri kwa treni ya reli ya kati, zikishuka kwenye miji midogo, zikipiga usiku kucha na kupanda tena kesho yake. Hapendi kuhadithia habari hizo. Vidole vyake vya kulia ndivyo vinavyohadithia, kwa kuwa hata anapokunywa chai vinatembea mezani. Nilimkuta jioni akitoka kupogoa mizabibu, nikamwamkia, tukamaliza salamu zote za Kigogo ambazo hazina njia ya mkato, kisha nikaweka spika yangu mezani na kumwekea Night and Day, mmoja wa nyimbo za albamu ile, bila kumweleza chochote.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Ulipofika katikati akauliza, "Besi anapiga nani?"

Nikamwambia hakuna mpiga besi.

"Mwanangu, mimi nimepiga besi kabla hujazaliwa. Nakuuliza besi anapiga nani."

Nikamwambia kwamba ni mtu yuleyule mmoja. Akanyamaza, akaniomba niurudie tangu mwanzo, na safari hii hakufumba macho bali alitazama mkono wake mwenyewe. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vinatembea mezani, pigo kwa pigo, kama vilivyozoea. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akavizuia. Akaubana mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akainama karibu na spika, na baada ya kitambo akaanza kucheka kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi anayemheshimu.

"Anaiacha," akasema. "Sikiliza. Anaipiga hapa, hapa, halafu anaiacha kabisa anapanda huko juu, na mimi mjinga naendelea kumpigia mezani. Akirudi ananikuta nimeshafika."

Nilirudi mjini na maneno hayo, nikasikiliza upya kila kitu nilichokuwa nacho, na mzee alikuwa amesema kweli. Joe Pass hapigi sauti zote kwa pamoja, kwa sababu gitaa haliruhusu, na yeye hakuwa na vidole zaidi ya vyetu. Anaianzisha besi kwa uthabiti kiasi kwamba sikio lako linakubali kwamba ipo. Akishahakikisha umekubali, anaitelekeza kwa pigo moja, mawili, pengine zaidi, anakimbilia juu kuimba sentensi ndefu ya wimbo, kisha anashuka na kuidaka besi mahali ambapo ingekuwa imefika kama ingeendelea kutembea. Anapoiacha kodi ya katikati hufanya vivyo hivyo. Ni kama mama anayepika huku anaongea na mgeni sebuleni: mgeni haoni jiko likiachwa, kwa sababu kila linapotaka kuungua mama yupo pale. Wengi humsifu kwa kupiga mambo matatu kwa wakati mmoja. Mimi namsifu kwa kujua, katika kila nukta ya wimbo, ni lipi kati ya matatu linaloweza kuachwa bila msikilizaji kushtuka.

Jina la albamu lenyewe linapotosha kidogo, kwa kuwa linaashiria fundi wa kuonyesha ufundi, na zipo sehemu ambapo ni kweli anaonyesha. Cherokee, kwa mfano, inakwenda mbio kiasi kwamba humo ninasikia vidole kuliko wimbo. Naiheshimu, siipendi sana. Lakini sikiliza anavyoingia kwenye 'Round Midnight ya mpiga piano Thelonious Monk. Hana haraka ya kuweka mapigo. Anapiga kodi, anaiacha ilie mpaka ikaribie kufa, anaongeza noti moja chini, anasita, na ule usitaji ni sehemu ya wimbo kama noti zenyewe. Gitaa lake lilikuwa la umeme, Gibson ES-175 lenye tumbo lililo wazi ndani, lakini katika sehemu kubwa ya albamu ile unachosikia zaidi ni mbao na nyuzi kuliko spika; unasikia hata mkwaruzo wa vidole vinapohama. Mtu anayependa sauti laini iliyosafishwa hataipenda. Mimi naipenda kwa sababu inanionyesha kazi, kama unavyoona alama za tezo kwenye mchi uliochongwa kwa mkono.

Hapa kuna tatizo ambalo waandishi wa Marekani hawalitaji, kwa kuwa wao hawana. Katika nyimbo 12 za albamu ile, ni moja tu, Blues for Alican, ambayo ni utunzi wake mwenyewe. Nyingine ni za watunzi wengine, na nyingi kati yake zilizaliwa kwenye majukwaa na filamu za Marekani za miongo iliyopita: Night and Day ya Cole Porter ni ya mwaka 1932, All the Things You Are ya Jerome Kern ni ya 1939. Msikilizaji wa kule alizijua kama sisi tunavyozijua nyimbo za harusi. Joe Pass alipouacha wimbo wenyewe hewani na kushughulika na kitu kingine, msikilizaji yule aliuendeleza kichwani, sawasawa na mzee wangu alivyoiendeleza besi. Mimi wa Chang'ombe nilikuwa naendeleza nini? Sikuujua wimbo hata mmoja. Ilinibidi nirudi shule, na mwalimu wangu akawa Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, ambaye mwaka 1956 alirekodi mkusanyiko mzima wa nyimbo za Cole Porter, akaziimba kwa usafi ambao hata mtu asiyejua Kiingereza vizuri anatoka ameshika kila pando na kila shuko. Baada ya wiki kadhaa za Ella niliporudi kwa Joe Pass nilikuta albamu ikiwa imejaa zaidi. Hakuwa ameongeza noti. Nilikuwa nimeongeza mimi.

Ipo moja iliyogoma kukaa sawa hata baada ya masomo hayo, nayo ni Here's That Rainy Day. Maneno yake yanalia kwamba ile siku ya mvua aliyokuwa akiambiwa habari zake sasa imefika. Anayeishi Dodoma, ambako anga linaweza kukaa wazi kwa nusu mwaka na zaidi, anashindwa kuisikia mvua kama msiba. Kila nikiisikiliza, zile kodi zake za huzuni zinanijia kama harufu ya udongo ulioloa kwa mara ya kwanza. Najua nakosea, na sina mpango wa kujirekebisha.

Aliyeifanya albamu ile iwepo ni mtayarishaji Norman Granz, aliyeanzisha kampuni ya Pablo mwaka huohuo wa 1973, na ambaye katika miaka ya 1950 alikwishamrekodi Art Tatum, mpiga piano wa ajabu, akiwa peke yake. Nadhani Granz alijua anatafuta nini. Joe Pass alikuwa na miaka 44 wakati huo, umri ambao wapigaji wengi wameshajulikana au wameshakata tamaa. Alizaliwa Januari 1929 huko New Jersey, akakulia Johnstown katika jimbo la Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma, ambako baba yake, mtu mwenye asili ya Sicily, alikuwa kibarua kiwandani. Alianza gitaa akiwa na miaka tisa. Kisha zikaja dawa za kulevya, na miaka ya 1950 karibu yote ikapotelea kwenye heroini na magereza, mpaka alipoingia katika Synanon, kituo cha kuwasaidia waraibu huko California, na kukaa humo zaidi ya miaka miwili. Albamu ya kwanza iliyomtambulisha, ya mwaka 1962, aliirekodi pamoja na wanamuziki wenzake wa kituo hicho. Sipendi namna watu wanavyoigeuza habari hii kuwa mahubiri. Ninachokiona mimi ni mtu aliyechelewa kwa miaka kumi na ambaye, hata hivyo, alipopiga hakuonyesha kuwa na haraka ya kuifidia.

Kuhusu baba yake kuna jambo ambalo siachi kulifikiri. Inasimuliwa kwamba alimsukuma mtoto kujifunza nyimbo kwa kusikia tu, hata zile zisizotungwa kwa ajili ya gitaa, na kwamba alimkataza kuacha nafasi tupu: kati ya noti moja ya wimbo na nyingine, mtoto alitakiwa ajaze kitu. Mzazi yeyote wa kiwandani angeweza kusema hivyo, maana nafasi tupu ni muda usiolipwa. Na mtoto alitii. Huo utajiri wa vipande vidogo anavyovichomeka kati ya sentensi za wimbo ni utiifu wa miaka ile. Ila kitu ambacho mzee wa Mpunguzi alikishika kwa kubana mkono wake ni uasi uliofichwa ndani ya utiifu huo. Nafasi zipo. Amezipanga tu mahali ambapo wewe mwenyewe utazijaza bila kuombwa.

Huenda sisi wa huku tuna sikio la jambo hili kuliko tunavyojua. Marimba ya Wagogo, ile ilimba ambayo marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu, aliisambaza duniani mpaka alipofariki mwaka 2003, hupigwa kwa madole gumba mawili kwenye vipande vya chuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao. Wale wanaoiona kwa mara ya kwanza huuliza kwa nini vyuma ni vingi kuliko vinavyoguswa. Vingine havipigwi kabisa. Viko pale ili vitetemeke vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Ongeza tundu la sandukuni lililofunikwa kwa utando wa buibui, linalozizimisha kila sauti, na utaelewa kwa nini mtu mmoja na sanduku lake anasikika kama kijiji. Sisemi kwamba Joe Pass na Zawose ni ndugu katika muziki. Mizani yao ya sauti ni tofauti kabisa, na anayelazimisha undugu huo hajawasikiliza wote wawili. Nasema tu kwamba bibi yangu, aliyejua marimba na hakujua jazi, asingehitaji kuelezwa kwamba noti isiyopigwa inaweza kulia.

Nimejaribu mwenyewe, kwa kuwa kustaajabu bila kujaribu ni uvivu. Nina gitaa la bei nafuu ambalo kiangazi chetu kimelipasua ubavuni, na nilichagua wimbo wa ibada ninaoujua sauti zote nne. Kwa miezi mitatu nilijitahidi kupiga zote, na matokeo yake yalikuwa kama mtu aliyebeba ndoo nne kwa mikono miwili: hakuna hata moja iliyofika imejaa. Siku nilipothubutu kuiacha besi kwa pigo moja, kwa makusudi, mahali palipoonekana pa hatari, binti yangu aliyekuwa akifua nje aliendelea kuifuatisha kwa kuimba kwa mdomo uliofumbwa. Hakujua kwamba ameiimba. Sikumwambia, nisije nikamharibia.

Kati ya kazi zake nyingine naomba nitaje moja tu, kwa sababu ndiyo iliyofunga hoja kwangu. Katika mwaka uleule wa 1973 alirekodi na Ella Fitzgerald albamu ya Take Love Easy, wakiwa wawili, sauti na gitaa. Hapo hana haja ya kubeba wimbo. Mwenye wimbo yupo. Nilitarajia kwamba, mikono yake ikiwa imepata nafuu, angejaza kila pembe. Badala yake anapunguza zaidi, anapiga kodi mbili pale ambapo angeweza kupiga sita, na anamwacha Ella amalize neno kabla hajamjibu. Alifariki Los Angeles tarehe 23 Mei 1994, akiwa na miaka 65.

Mwezi uliopita nilirudi Mpunguzi. Mzee alikuwa amekwisha kula, akaniambia niwashe kile kispika na nimwekee yule mwizi wake. Kabla sijabonyeza akaomba nisubiri. Akasogeza kiti, akakalia viganja vyote viwili, akasema, "Leo simsaidii. Apige mwenyewe."

Nikaweka Night and Day. Alikaa kimya, uso umekazwa, kama mtu anayezuia kupiga chafya kanisani. Besi ikaja, ikatembea, ikaachwa. Viganja havikutoka. Nilipotazama chini ya meza, kandambili ya mguu wake wa kulia ilikuwa inagonga sakafu, taratibu, pigo kwa pigo.